Namna ya kuandika sera ya leseni inayomlinda mtumiaji wa programu huria

Mwezi Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ilitangaza kwamba matoleo yajayo ya Terraform, chombo kinachotegemewa na mafundi wa seva duniani kote, hayatatolewa tena kwa leseni ya MPL 2.0, mojawapo ya leseni za programu huria, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadili na kuigawa. Mahali pake ikaja leseni inayomkataza mtu kukitumia chombo hicho kutoa huduma inayoshindana na kampuni yenyewe. Machi 2024 Redis, programu ya kuhifadhi data, nayo ikaachana na leseni yake huria ya BSD. Watu walioripoti hitilafu, wakatuma viraka (marekebisho ya programu) na kuwafundisha wenzao walilala wakiwa na programu huria, wakaamka na kitu kingine.

Hakuna sheria iliyovunjwa, na hilo ndilo linaloniuma. Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo. Kwa Redis, leseni yenyewe iliruhusu msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, uchukuliwe na kufungwa. Kwa Terraform, leseni ilikuwa na masharti ya kutosha, lakini wachangiaji walikuwa wamesaini mkataba ulioipa kampuni haki pana mno juu ya kazi zao.

Sasa tazama kiini cha Linux, programu ya msingi ya mfumo endeshi huria. Hakuna mtu anayeweza kukifunga kesho asubuhi, hata mwanzilishi wake, Linus Torvalds. Hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu na makampuni, kila mmoja ametoa sehemu yake kwa leseni ya GPL toleo la 2, na hakuna aliyepewa funguo za wenzake. Anayekitumia hahitaji kuomba Mungu watunzaji wabaki kuwa watu wema.

Ahadi ni deni, wahenga walisema. Leseni ni ahadi unayompa mtumiaji. Sera ya leseni ni utaratibu unaokuzuia wewe mwenyewe, pamoja na atakayeurithi mradi, kuikimbia ahadi hiyo siku fedha zitakapobisha hodi. Mwongozo huu ni wa kuandika sera ya namna hiyo, iwe mradi una mtu mmoja au mia tano.

Hatua ya 1: Andika ahadi kabla ya kutaja leseni

Fungua faili jipya, uliite LICENSING au jina lolote litakaloonekana haraka. Usianze na jina la leseni. Anza na yale unayomwahidi mtu atakayeipokea programu, kwa maneno ambayo asiye mwanasheria atayaelewa.

Huna haja ya kubuni. Free Software Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, inazitaja haki nne, na huzihesabu kuanzia sifuri kama wanaprogramu wanavyohesabu. Uhuru wa 0 ni kuiendesha programu kwa kusudi lolote. Uhuru wa 1 ni kuichunguza na kuibadili, jambo lisilowezekana bila msimbo chanzo. Uhuru wa 2 ni kumgawia mwenzako nakala. Uhuru wa 3 ni kugawa nakala ulizozibadili mwenyewe.

Simama kidogo kwenye neno "lolote", maana hapo ndipo watu wenye nia njema hupotea. Mmoja huandika kuwa programu isitumiwe kibiashara, mwingine kuwa isitumiwe na jeshi. Kuna leseni maarufu, inayojulikana kama leseni ya JSON, iliyochukua maneno ya leseni ya MIT na kuongeza sentensi moja tu: kwamba programu itumike kwa wema, si kwa ubaya. Debian, mradi unaotoa mfumo endeshi unaotumia Linux, na Free Software Foundation wote wanaihesabu kuwa si huria. Nani atakayeamua wema ni upi? Sharti kama hilo linamfanya mtumiaji aishi kwa kutegemea tafsiri ya mtu mwingine, naye mwandishi anageuka kuwa hakimu wa kazi za watu asiowajua. Kama kuna matumizi unayoyachukia, yapinge hadharani kwa nguvu zako zote, ila usiyaweke kwenye leseni.

Mradi wa Debian ulifanya kazi hii ya kuahidi mapema kuliko wengi. Mwaka 1997 ulichapisha Mkataba wa Kijamii ukiahidi kwamba mfumo wake utabaki huria kwa asilimia 100, pamoja na miongozo ya kupima kama leseni ni huria. Miongozo hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa tafsiri ya chanzo huria inayotumiwa na Open Source Initiative, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1998.

Wana Debian wana mitihani miwili ambayo ningependa kila mtunzaji aijue. Wa kwanza ni wa mtu aliyekwama kisiwani. Ana kompyuta inayotumia umeme wa jua, hana intaneti, na mwenzake wa kisiwani anataka nakala ya programu aliyoibadili. Kama leseni inamdai awatumie waandishi mabadiliko yake, ameshavunja leseni kwa kukosa mtandao tu. Wa pili ni wa mtu anayeishi chini ya utawala katili: anaweza kuibadili programu na kuwagawia anaowaamini bila kujitambulisha kwa yeyote? Pitisha rasimu ya ahadi yako kwa watu hawa wawili. Ikiwakwaza, irekebishe.

Hatua ya 2: Chagua leseni kwa kuuliza uhuru usafiri hadi wapi

Kwanza ondoa dhana moja potofu. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni si wa wote. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, unaofuatwa na karibu nchi zote, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, bila kuandikishwa popote. Usiposema kitu, umesema "tazameni, msiguse."

Kisha jiulize: mtu atakayeipata programu kutoka kwa aliyeipata kwangu, atakuwa na haki zilezile? Leseni nyingi unazoziona hutofautiana katika jibu la swali hili.

MIT, BSD na Apache 2.0 ni leseni nyepesi. Mpokeaji wa kwanza anapata uhuru wote, na wa pili anapata kile ambacho wa kwanza atapenda kumpa. Kati ya hizi naipendekeza Apache 2.0, iliyotoka 2004, kwa sababu inagusa waziwazi hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi. Anayechangia msimbo anatoa pia ruhusa ya kutumia hataza zake zinazohusika na mchango huo, na atakayefungua kesi akidai programu inakiuka hataza yake anapoteza ruhusa ya hataza aliyopewa na wengine.

Upande wa pili kuna kopilefti, yaani kutumia hakimiliki kudai kwamba uhuru uende pamoja na nakala. GPL ndiyo mama yao: toleo la 1 la 1989, la 2 la 1991, la 3 la 2007. Anayeigawa programu iliyobadilishwa lazima aigawe kwa leseni ileile na aambatishe msimbo. LGPL inalegeza sharti hilo kwa maktaba, yaani msimbo unaotumiwa ndani ya programu nyingine, ili programu isiyo huria iweze kuitumia maktaba bila maktaba yenyewe kufungwa. MPL huishia kwenye faili: faili lako likibadilishwa linabaki huria, yanayolizunguka yanaweza kuwa na leseni nyingine.

Halafu kuna AGPL, na hapa sitapita haraka. Chini ya GPL ya kawaida, kuendesha programu kwenye seva yako si kuigawa. Kampuni inaweza kuchukua programu yako, kuibadili, na kuwahudumia mamilioni ya watu kupitia kivinjari bila kumpa yeyote kati yao hata mstari mmoja wa msimbo. Watu hao ni watumiaji kamili, data zao zimo humo, lakini nakala haijawahi kufika mikononi mwao. AGPL toleo la 3, iliyotoka Novemba 2007, inasema anayeibadili programu na kuwaruhusu watu waitumie kupitia mtandao lazima awape hao watu nafasi ya kupata msimbo wa toleo hilo lililobadilishwa. Kama programu yako ni ya kuendeshwa kwenye seva na unajali watu wanaoitumia kwa mbali, sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Je, leseni nyepesi haina nafasi kabisa? Ina nafasi. Mwaka 2001 maktaba za Ogg Vorbis, muundo wa sauti usiodai malipo ya hataza, zilihamishwa kutoka LGPL kwenda leseni ya BSD, na Stallman mwenyewe aliliunga mkono jambo hilo. Hesabu ilikuwa rahisi: mpinzani alikuwa MP3 iliyofungwa na hataza, na muundo huria ukienea hadi kwenye vifaa vya kila kampuni, mtumiaji anapata zaidi kuliko kama maktaba ingelindwa na kubaki bila watumiaji. Maktaba inayotekeleza kiwango ambacho unataka kienee, itoe kwa leseni nyepesi. Programu kamili inayoshikwa na mtu moja kwa moja, ilinde kwa kopilefti. Ndivyo ninavyoamua mimi.

Limebaki swali la "toleo hili tu" au "toleo hili au lolote la baadaye." Kiini cha Linux kilichagua toleo la 2 tu. Kufanya hivyo kunakulinda dhidi ya toleo lijalo usilolipenda, na kunakufungia pia toleo lijalo utakalolihitaji. Wikipedia iliokolewa na maneno "la baadaye": leseni yake ya awali, GFDL, ilipata toleo la 1.3 mwaka 2008 lililofungua njia, na mwaka 2009 kamusi elezo hiyo ikahamia leseni ya Creative Commons bila kumtafuta kila mwandishi. Ukiweka maneno hayo, fahamu kwamba unamwamini anayeandika matoleo yajayo.

Usitunge leseni yako mwenyewe. Hata ukiwa mwanasheria.

Hatua ya 3: Weka alama kwenye kila faili

Faili la LICENSE kwenye mzizi wa hazina (mahali msimbo wote wa mradi unapohifadhiwa) halitoshi, kwa sababu mafaili husafiri peke yake. Mtu hunakili faili moja, miaka inapita, na hakuna anayekumbuka limetoka wapi. Mali bila daftari huisha bila habari. Juu ya kila faili andika mistari miwili:

SPDX-FileCopyrightText: 2025 Jina la mwenye hakimiliki
SPDX-License-Identifier: AGPL-3.0-or-later

SPDX ni namna ya kutaja leseni ambayo mtu na mashine wote wanaisoma, na tangu 2021 ni kiwango cha kimataifa cha ISO. Tawi la Ulaya la harakati ya programu huria, FSFE, lina utaratibu uitwao REUSE wenye chombo cha kukagua hazina nzima na kukuonyesha faili lisilo na alama. Kiweke kwenye majaribio yanayojiendesha, mchango usio na alama usipite.

Hatua ya 4: Amua nani anashika hakimiliki

Ukiniambia nisome hatua moja tu ya mwongozo huu, ningesoma hii. Miradi mingi iliyogeuzwa iligeuziwa hapa.

Mchangiaji akileta kiraka, hakimiliki ya kiraka hicho ni yake, au ya mwajiri wake kama mkataba wa kazi unasema hivyo. Mradi unahitaji ruhusa ya kukitumia, na kuna njia tatu za kuipata.

Njia ya kwanza ni kusema kwamba kinachoingia kinaingia kwa leseni ileile ambayo programu inatolewa nayo. Programu ni ya GPL, mchango ni wa GPL, basi. Mradi haupati haki yoyote ya ziada ambayo mtumiaji wa kawaida hana. Hii huenda sambamba na Cheti cha Asili cha Mchango, kinachojulikana kwa herufi DCO, ambacho watu wa Linux walikianzisha mwaka 2004 baada ya kampuni ya SCO kufungua kesi mwaka uliotangulia ikidai msimbo wake umo ndani ya Linux. Mchangiaji haandikishi mkataba. Anaongeza mstari wa Signed-off-by chini ya badiliko lake, mstari ambao git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, huuweka yenyewe ukitumia alama ya -s, na kwa mstari huo anathibitisha kwamba ana haki ya kutoa kazi hiyo kwa leseni ya mradi. Inatosha. Mradi mkubwa kama Linux umeendeshwa kwa utaratibu huo.

Njia ya pili ni mkataba wa mchangiaji, CLA. Mikataba hii si ya aina moja, kwa hiyo isome kabla ya kuihukumu. Tafuta kifungu kinachompa mwenye mradi haki ya kutoa kazi yako kwa leseni nyingine. Kama kipo na hakuna kifungu kinachomlazimisha kubaki katika leseni huria, mizani imeinama: wewe na watumiaji wote mnafungwa na GPL au MPL, yeye peke yake hafungwi. Nimeona wachangiaji wengi wakiusaini mkataba wa namna hii kwa kubofya kitufe, kwa haraka ya kuona kiraka chao kinapokelewa. Naelewa haraka hiyo. Lakini kitufe hicho ndicho kinachomwezesha mwenye mradi kufunga kesho kile mlichokijenga pamoja leo.

Njia ya tatu ni kumkabidhi mtu mmoja hakimiliki yote. Hii inaweza kuwa salama ikiwa anayekabidhiwa amejifunga. Mkataba wa Free Software Foundation, kwa mfano, una ahadi ya taasisi kwamba kazi hiyo itaendelea kugawiwa kwa masharti ya programu huria. Hata hivyo ni mzigo: mwaka 2021 mradi wa GCC, chombo cha kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, uliacha kulazimisha makabidhiano hayo na kuruhusu DCO.

Kuna mfano mmoja wa kujifunga ambao nadhani haujaigwa vya kutosha. Mazingira ya kompyuta ya KDE yalijengwa juu ya maktaba ya Qt, mali ya kampuni. Mwaka 1998 ikaundwa KDE Free Qt Foundation, kwa mkataba na kampuni hiyo. Kiini cha mkataba ni kwamba kampuni ikiacha kutoa toleo huria la Qt kwa muda uliowekwa, taasisi ina haki ya kuitoa Qt kwa leseni ya aina ya BSD. Kampuni imebadili wamiliki mara kadhaa tangu hapo, na mkataba umedumu. Kama mradi wako unaongozwa na kampuni inayohitaji kuuza leseni za kibiashara ili iishi, usiikatalie. Idai kifungu cha namna hii kwa maandishi.

Hatua ya 5: Simama mlangoni, kagua kinachoingia

Programu yako ni huria kwa kiasi cha sehemu yake iliyofungwa zaidi. Andika orodha ya leseni unazozikubali kwa maktaba unazozitegemea, na kila leseni iliyo nje ya orodha ijadiliwe kabla ya kuingia.

Mambo mawili huwatatiza wengi. La kwanza ni leseni zisizopatana ingawa zote ni huria. Apache 2.0 inaweza kuingia ndani ya kazi ya GPL toleo la 3, lakini Free Software Foundation inaona haipatani na kazi ya GPL toleo la 2 tu, kwa sababu ya masharti yake ya hataza. La pili ni vitu visivyo msimbo: picha, sauti, fonti, nyaraka, data. Fonti yenye leseni ya SIL Open Font License haina shida. Picha uliyoikuta mtandaoni ni shida.

Orodha hiyo si msahafu. Julai 2022 Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ilitangaza kutokubali tena CC0, leseni ya kuachia hakimiliki yote, kwa msimbo mpya, kwa kuwa maneno ya leseni hiyo yanasema wazi kwamba haitoi haki za hataza. Debian nayo ilipiga kura mwaka 2022 kuhusu fimuwea zisizo huria, zile programu ndogo ambazo kadi nyingi za mtandao haziamki bila hizo. Matokeo yake, Debian 12 ya mwaka 2023 ilizijumuisha kwenye kisakinishi rasmi, zikiwa katika sehemu yake ya pekee yenye jina lake, na Mkataba wa Kijamii ukarekebishwa hadharani ili uruhusu jambo hilo. Wapo wanaosema Debian ililegea. Mimi naona ilifanya jambo la heshima: haikuvunja ahadi kimyakimya, iliwaeleza watumiaji ni wapi mpaka umesogea na kwa nini. Ukilazimika kusogeza mpaka wako, usogeze hivyo.

Hatua ya 6: Toa msimbo ambao mgeni anaweza kuujenga

Haki ya kubadili haina maana kama mtu hawezi kuijenga programu upya. GPL inadai msimbo kamili unaolingana na nakala iliyogawiwa, pamoja na hati za kujengea. Toleo la 2 linaruhusu badala yake ahadi ya maandishi, inayodumu miaka 3 angalau, ya kumpa msimbo yeyote atakayeuomba.

Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa ikiendeshwa na Linux. Wakadai msimbo, ukatolewa, na mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukaanza kwa kutumia msimbo huo. Leo ruta za makampuni mengi ambazo watengenezaji walishazisahau zinaendelea kupata marekebisho ya usalama kwa sababu ya OpenWrt. Yote hayo yalianzia kwenye aya chache za GPL na watu walioamua kuzidai.

TiVo ilionyesha tundu. Kinasa televisheni hicho kilitumia Linux, na msimbo ulitolewa kama ilivyotakiwa, ila kifaa chenyewe kilikataa kuendesha programu yoyote ambayo mtengenezaji hakuitia sahihi. Ulikuwa na msimbo, ukaubadili, ukakosa mahali pa kuuendesha. Ndiyo maana GPL toleo la 3 inadai, kwa vifaa vya matumizi ya nyumbani, maelezo ya kusakinisha toleo lililobadilishwa, funguo zikiwamo. Programu yako ikielekea kukaa ndani ya vifaa, hilo peke yake latosha kukufanya uchague toleo la 3.

Kipimo ni hiki: kabla ya kila toleo, mpe mtu asiyehusika na mradi kompyuta tupu na maelezo yako, aijenge programu mwenyewe. Akikwama, toleo halijakamilika.

Hatua ya 7: Tenganisha jina na msimbo

Leseni ya msimbo haitoi haki ya kutumia jina au nembo, na ni sawa, mtumiaji anastahili kujua anachopakua kimetoka kwa nani. Lakini alama ya biashara inaweza kugeuzwa kuwa kufuli la pili. Debian na Mozilla walivutana juu ya masharti ya jina la kivinjari cha Firefox, na kuanzia 2006 Debian wakaiita nakala yao Iceweasel hadi maelewano yalipopatikana 2016. Andika aya moja inayosema anayerekebisha hitilafu na kuisambaza programu anaruhusiwa kubaki na jina, na anayeibadili tabia yake atumie jina jingine. Hakikisha pia kubadili jina ni kazi ya dakika chache, si ya kusaka nembo kwenye mafaili elfu.

Hatua ya 8: Jua utafanya nini leseni ikivunjwa

Wengi wanaovunja leseni hawajui. Fundi amenakili maktaba, bosi wake hajui ni kitu gani, mwanasheria wa kampuni hajawahi kusikia neno kopilefti. Kwa hiyo sera yako ianze na barua ya faragha, yenye adabu, inayoeleza kinachokosekana na namna ya kukirekebisha. Lengo ni msimbo umfikie mtumiaji. Software Freedom Conservancy na Free Software Foundation walichapisha mwaka 2015 kanuni za kudai leseni kwa ajili ya jamii, na msimamo wao ni huo: utii kwanza, mahakama mwisho, fedha zisiwe kichocheo.

GPL toleo la 2 humwondolea mvunjaji haki zake papo hapo. Toleo la 3 ni la utu zaidi: aliyekosea kwa mara ya kwanza akirekebisha ndani ya siku 30 tangu aarifiwe, haki zake zinarudi. Mwaka 2017 watunzaji wengi wa Linux walitangaza kwamba nao watafuata nafasi hiyo ya toleo la 3, ingawa leseni yao ni ya 2. Weka ahadi kama hiyo. Inawaondolea hofu watumiaji waaminifu na kumkosesha soko anayetafuta kutajirika kwa kesi.

Hata hivyo upole usiwe udhaifu. Mahakama zimeshasema leseni hizi zina nguvu. Nchini Ujerumani, Harald Welte na mradi wake wa gpl-violations.org walishinda dhidi ya kampuni ya D-Link mwaka 2006. Nchini Marekani, kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer mwaka 2008 ilihusu programu ya kuendeshea treni ndogo za kuchezea, na mahakama ya rufaa ikaamua kwamba masharti ya leseni huria yanaweza kudaiwa kwa sheria ya hakimiliki. Barua zikipuuzwa, tafuta mwanasheria au taasisi inayosaidia miradi huria, na usiandike vitisho mtandaoni kabla ya kuzungumza nao.

Hatua ya 9: Fanya kubadili leseni kuwe kugumu, lakini kuwezekane

Utakuja kuhitaji kubadili leseni kwa sababu nzuri. VLC, programu ya kuchezea video, ilihamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL kati ya 2011 na 2012, na ilibidi kuwatafuta wachangiaji wa miaka mingi mmoja mmoja kuomba ridhaa. OpenStreetMap ilipohamia leseni ya ODbL mwaka 2012, michango ya waliokataa au wasiojibu iliondolewa kwenye ramani. Barabara na majina yalifutwa, watu wakaenda kuyachora upya. Gharama hiyo naiona kuwa ya haki. Ugumu huohuo uliowachosha VLC ndio unaomzuia mnunuzi wa kampuni kuufunga mradi kwa barua pepe moja.

Na ikitokea mlango umevunjwa hata hivyo, toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni huria halirudi nyuma. Terraform ilizaa OpenTofu, na Redis ilizaa Valkey katika siku chache, zote chini ya Linux Foundation. Ili hilo liwezekane kwa watumiaji wako, wahakikishie historia nzima ya hazina iko wazi kunakiliwa, na kumbukumbu za hitilafu na nyaraka pia zina leseni huria.

Rasimu ya kuanzia

Chukua maneno haya, uyabadili yakufae:

"Programu hii inatolewa kwa AGPL toleo la 3 au la baadaye. Nyaraka zake zinatolewa kwa CC BY-SA 4.0. Michango hupokelewa kwa leseni hizohizo, ikiwa na mstari wa Signed-off-by. Kila mchangiaji anabaki na hakimiliki yake, na mradi hautamdai mkataba unaoupa mradi haki zaidi ya zile alizo nazo mtumiaji yeyote. Hatupokei kitegemezi chenye leseni isiyo kwenye orodha iliyoambatishwa. Kila toleo litajengeka kutokana na msimbo uliochapishwa pamoja nalo. Anayekiuka leseni kwa mara ya kwanza atapewa siku 30 za kurekebisha. Leseni inaweza kubadilishwa kuwa nyingine inayokubaliwa na Free Software Foundation na Open Source Initiative pekee, baada ya majadiliano ya wazi ya siku 90 na kwa ridhaa ya wenye hakimiliki. Badiliko lolote la sera hii litaandikwa hapa, likiwa na tarehe na sababu."

Iweke kwenye hazina kabla ya kupokea kiraka cha kwanza kutoka nje. Kama wachangiaji wameshakuwepo, anza na orodha ya majina yao kutoka kwenye historia ya git, waandikie leo wakiwa bado wanapatikana, na usilitoe toleo lijalo mpaka majibu yao yamehifadhiwa mahali ambapo mtunzaji ajaye atayakuta.